Chumba Kinachoangalia Gati

Habari za nyota za hoteli, Fundi hakuzijua wala hakuzitaka. Yeye alitaka dirisha.

Mtaa mzima ulimwita Fundi kwa sababu alikuwa ameshona nguo zao miaka thelathini, na miaka yote hiyo kila mteja aliyeuliza nguo yake itakuwa tayari lini alijibiwa, "Njoo kesho." Kesho hiyo, wote walijua, huenda ikawa ya mwezi ujao. Aliyefuatana naye katika safari hii alikuwa wifi yake, dada wa marehemu mumewe, mwalimu mstaafu ambaye hakuwa amestaafu kuwapanga watu foleni. Yeye aliitwa Mwalimu, na alijiteua kiongozi kabla basi halijatoka stendi.

Walikuja mji wa bandari kwa ajili ya mtoto wa Fundi. Alikuwa fundi wa injini kwenye meli ya ngano, na mama yake hakuwa amemtia machoni kwa miaka minne. Meli ingetia nanga kwa siku moja tu. Mabaharia hawakuruhusiwa kushuka, na getini wageni hawakuruhusiwa kuingia. Ujumbe wake ulisema: "Mama, ni gati namba tisa. Kesho saa kumi alasiri napata dakika kumi. Nitasimama nyuma ya meli, kwenye reli ya ukingoni, karibu na bomba la moshi. Tafuta pahali unione."

Ujumbe huo aliusoma Mwalimu, maana macho ya karibu yalikuwa yamemtoroka Fundi kitambo. Hata uzi kwenye sindano alitungiwa. Lakini ya mbali, lo! Aliweza kukwambia kunguru aliye juu ya mnara ana unyoya uliovunjika. Mwalimu alikuwa kinyume chake: alisoma maandishi ya chini kabisa kwenye boksi la dawa, ila mtu akivuka barabara alikuwa ukungu. Kwa pamoja mawifi hao walikuwa na jozi moja ya macho mazima.

Hoteli ya kwanza ilikuwa chaguo la Mwalimu. Sakafu iling'aa hadi Fundi akatamani kuvua viatu. Mhudumu wa mapokezi aliwapeleka chumbani, akavuta pazia kwa madaha, na bahari yote ikajitokeza, buluu tupu hadi mwisho wa upeo.

"Pazia limeshonwa na mtu anayejua kazi," Fundi alisema akilipapasa pindo. "Gati liko wapi?"

"Gati liko upande wa nyuma, mama. Huko ni jikoni, kelele tupu."

"Basi tupe chumba cha jikoni."

"Hakuna chumba jikoni, mama."

Mwalimu, aliyekwisha kukaa kitandani na kuanza kurukaruka kidogo kupima godoro, alinyanyuka kama aliyeitwa msibani.

Pahali pa pili palikuwa nyumba ya kupangisha familia, safi, juu ya mlima. Gati zote zilionekana, ila kwa umbali ule meli zilikuwa kama ndala zilizoachwa mlangoni. Fundi alitikisa kichwa. Hakuja kuona meli, alikuja kuona uso.

Jua lilikuwa limeanza kuinama walipofika nyumba ya wageni ya ghorofa tatu, katika mtaa wa wauza kamba na rangi za meli. Mbele yake palikuwa na barabara nyembamba, ukuta wa bandari, kisha gati namba tisa lenyewe. Tatizo lilikuwa moja. Mbele ya gati, juu ya nguzo ndefu, ulipita mkanda wa kubebea ngano, umefunikwa kwa mabati kutoka mwanzo wa gati hadi mwisho. Kutoka ghorofa ya tatu uliona mabati tu. Kutoka ghorofa ya pili, kati ya ukuta na mabati, palibaki pengo. Meli iliyokuwepo jioni ile ilikuwa imekaa sawasawa ndani ya pengo hilo, na mabaharia wake walionekana hadi vifungo vya mashati.

Fundi alitoa futi yake kwenye mkoba, ile ya kitambaa, akaishika mbele ya jicho na kulipima pengo kama anayepima kiuno cha bibi harusi.

"Hapa hapa," alisema.

"Kitanda kinalia, wifi," Mwalimu alilalamika.

"Kiache kilie. Mimi nimelia miaka minne."

Mwalimu alitoa simu, akamwandikia kijana: nyumba ya wageni mbele ya gati, dirisha la ghorofa ya pili.

Asubuhi meli iliingia. Kwanza vioo vya dirisha vilianza kutetemeka. Kisha pengo likaanza kufungwa na kitu cheusi kilichokuja polepole, bila haraka yoyote, na kilikuja, na kilikuja, na bado kilikuwa kinakuja. Mwalimu mwenyewe alikiona bila taabu. Kila herufi ya jina la meli ilikuwa ndefu kuliko mlango. Fundi alisimama mdomo wazi, mkono kifuani. Alijua mtoto wake anafanya kazi melini. Hakuwa amejua kwamba meli ni mtaa mzima unaotembea. Na ndani ya tumbo la kitu kile, mahali fulani chini, mtoto aliyemfunga kwa kanga mgongoni ndiye aliyekuwa anakisukuma. Machozi yalimtoka na hakuyafuta.

Reli ya meli ilikaa katikati ya pengo. Fundi aliliona bomba la moshi, akaona pahali penyewe atakaposimama mtoto. Alivuta kiti, akakaa, akakataa chai.

Kufika saa sita aliona reli imesogea juu kidogo. Alidhani ni macho. Saa nane ilikuwa imegusa mabati. Saa tisa kasoro haikuwepo. Dirishani palibaki ukuta wa chuma chekundu unaochuruzika maji, tumbo la meli lililokuwa limezama asubuhi, na bado unapanda.

"Wifi! Meli inaondoka kwenda juu!"

"Meli haziendi juu," Mwalimu alisema, akiukazia macho ukungu mwekundu.

Fundi alikuwa mlangoni tayari, ameshikilia futi, hajui aende wapi. Juu mabati, chini ukuta. Safari yote, hoteli zote, kisha akachagua vibaya kwa jicho lake mwenyewe! Ngazini aligongana na dobi wa nyumba ile, mwanamke mwembamba mwenye beseni la mashuka mabichi.

"Dada, meli imepanda," Fundi alisema, sauti ikimkatika. "Mwanangu anatoka saa kumi nimwone."

"Ndiyo, imepanda," dobi alijibu, kana kwamba ameambiwa jua limetoka. "Inatolewa ngano, inakuwa nyepesi. Na maji nayo yanajaa. Kila meli ya ngano inafanya hivyo. Ikivuka mabati, vumbi lote linakuja kwenye kamba zangu; ndiyo maana naanua saa tisa hata kama hayajakauka. Sasa mbona mmekaa chumbani? Njooni darini!"

Walipanda, Mwalimu akihema na kuhesabu ngazi kwa sauti. Juu ya dari, kamba za nguo zilikuwa tupu. Na mbele yao, juu ya mabati, meli yote ilikuwa imejitokeza kweupe, imeinuka kutoka majini kwa urefu wa nyumba, inameremeta, vumbi la ngano likielea juu yake kama unga juu ya chungio.

Saa kumi mlango mdogo ulifunguka karibu na bomba la moshi. Simu ya Mwalimu ililia, akaiweka sauti ya juu.

"Mama? Ghorofa ya pili sikuoni!"

"Tazama juu," Fundi alisema. "Dobi ametuleta juu."

Kijana aligeuka, akamwona. Aliiweka simu juu ya reli, akarudi nyuma hatua moja, akapanua miguu, akainua kidevu, akanyoosha mikono yote miwili pembeni. Hivyo ndivyo alivyosimama mbele ya cherehani tangu ana miaka mitatu, kila alipopimwa nguo.

Fundi aliikunjua futi, akaishika mbele ya jicho.

"Andika, wifi. Mabega, kumi na tisa na nusu." Aliishusha futi kidogo. "Aliondoka na kumi na saba."

Mwalimu, ambaye hakuona chochote ila ukungu, aliandika kwa mwandiko wa ubaoni.

"Kifua, arobaini na moja. Geuka, mwanangu."

Kijana aligeuka polepole. Kisha king'ora kililia ndani ya meli, naye akaiokota simu.

"Mama, shati litakuwa tayari lini?"

"Kesho."

Alicheka, na kicheko kilifika kwa simu kabla Fundi hajayaona meno yake yakimetameta. "Kesho ya fundi, au kesho ya mama?"

"Ya mama," alisema Fundi, na usiku ule, kwenye kitanda kinacholia, Mwalimu alimtungia uzi.