Karanga za Toleo la Ishirini na Nne

Salima Khamisi alikuwa amebakiza karanga saba alipoiona miguu ya Matege.

Miguu yenyewe ilichorwa kwa wino mweusi, imepinda kwa nje kiasi kwamba mbuzi angeweza kupita katikati bila kugusa goti. Hapakuwa na miguu mingine ya namna ile. Salima alizimimina karanga zilizobaki kwenye kiganja cha abiria wa pembeni, ambaye hakuwa ameomba, akakunjua karatasi iliyozifunga na kuangalia chini. Ukurasa wa 9. Juu, kwa herufi ndogo: *Dereva Matege, toleo la 24*.

"Konda!" alipiga kelele. "Nishushe!"

"Mama, ndiyo kwanza tumetoka Mingoyo. Si umekata tiketi ya Nangurukuru wewe?"

"Nishushe, nimesema."

Sauti ile ikimtoka Salima, hata mumewe hutafuta kofia akakumbuka ana shughuli msikitini. Konda aligonga bodi mara mbili, basi likasimama. Majora mawili ya vitambaa vya sare, aliyoyafuata Mtwara tangu juzi, yalikuwa chini kwenye buti, na kuyatoa kungechukua dakika tano. Salima hakuwa na dakika tano. Alimwambia konda ayaache ofisi ya tiketi Nangurukuru, akaanza kurudi Mingoyo, alikozinunua karanga, kwa miguu, jua la saa nane likimchoma utosi, ukurasa wa 9 umekunjwa vizuri ndani ya pochi.

Tuseme ukweli: watu wa kwao Kilwa Masoko wanamheshimu kwa cherehani lakini kwa vitabu wanamwona ana kasoro kidogo. Mtu mzima wa miaka arobaini na saba, ana wajukuu wawili, chumba kizima amekijaza vitabu vilivyokwisha kusomwa na watu wengine. Anavinunua mnadani vikiwa vimeshika ukungu, anavinunua chini kwenye turubai baina ya kandambili na sufuria zilizozibwa, anavianika juani, anavishona migongo kwa uzi wa jinzi. Kitabu kipya dukani hakimtetemeshi. Yeye anataka kile ambacho mtu fulani aliandika ukurasa wa kwanza, "Kwa Maimuna, nikumbuke ukifika Songea," halafu Maimuna, kwa sababu anazozijua mwenyewe, akakiuza. Akikipata kitabu cha namna hiyo hucheka peke yake njia nzima.

Lakini kuna kitu kimoja alichokuwa akikitafuta kuliko vyote. Baba yake, Mzee Khamisi, alikuwa dereva wa lori enzi ambazo barabara ya kusini ilikuwa tope tupu, mtu akitoka Kilwa kwenda Dar es Salaam familia inamsomea dua. Kila safari alirudi na toleo jipya la *Dereva Matege*, hadithi ya picha ya dereva mwenye miguu ya upinde na lori lisilo na breki. Walikaa barazani, baba akasoma kwa sauti zote: Matege kwa sauti nene ya puani, taniboi wake kwa sauti ya kukoroma, mke wa Matege kwa sauti nyembamba ambayo mama yake Salima aliidai ni ya kumdhihaki yeye. Toleo la 23 liliishia lori limezama tope usiku karibu na Rufiji, Matege yuko uvunguni, anasikia nyayo zinakuja.

"Safari hii nakuletea la 24," baba alimwambia. Salima alikuwa na miaka kumi na mmoja.

Lori lilirudi na dereva mwingine. Mzee Khamisi alikuwa ameoa Dar. Salamu zilikuja, nguo za sikukuu zilikuja, toleo la 24 halikuja. Baadaye, Salima alipokuwa amekwisha kuolewa, baba alituma mtu kumwuliza kama bado analitaka, maana aliwahi kuliona kwa wauza vitabu wa pembeni mwa barabara. Salima alijibu: mwambieni asihangaike, nitalitafuta mwenyewe, nitalinunua mwenyewe, na mwisho wake nitaujua mwenyewe. Mzee alipofariki alikwenda Dar kumzika, akalia sana, na siku ya pili baada ya hitma akazunguka vibanda vyote vya vitabu chakavu, kanga imemshuka mabegani, akiulizia Matege. Alirudi mikono mitupu. Hakukata tamaa, alikasirika tu zaidi.

Muuza karanga aliitwa Bonaventura, kijana mrefu, beseni kichwani, mwenye mbio za kufukuzana na mabasi. Salima alimkuta amekaa kwenye kreti la soda akikunja karatasi.

"Karatasi hizi umezitoa wapi?"

"Shikamoo mama. Kwani karanga zina matatizo?"

"Marahaba. Karanga nzuri. Nakuuliza karatasi."

Bonaventura alieleza. Alinunua gunia zima Rutamba kwa watoto wa mwalimu mmoja aliyefariki, Mwalimu Klementi. Walikuwa wanasafisha nyumba. Yeye ana utaratibu wake: karatasi za maandishi matupu ni za wateja wa hapahapa, maana hao wanajali karanga; zenye picha anaziweka kwa abiria wa mabasi, maana abiria huchagua dirishani kwa macho. Jana usiku kulibaki gazeti moja tu la picha. Alilichana asubuhi.

"Lote?"

"Lote, mama. Karatasi kumi na sita. Nyingine zimo humu beseni."

Salima alivuta pumzi, akasema bismillahi, akainama juu ya beseni. Alinunua kila kifuko chenye mchoro. Alizimwaga karanga zake kwenye mtandio, akanyoosha karatasi moja moja juu ya paja, akipangusa chumvi kwa kiganja. Ukurasa wa 3. Wa 17. Wa 25. Alizuia macho yasisome. Hili lilimgharimu kuliko jua, maana kila karatasi ilikuwa na Matege anahangaika, na yeye anajilazimisha kutazama namba tu. Miaka thelathini na sita hakungoja ili aanzie katikati.

Beseni lilitoa karatasi kumi na mbili. Pamoja na ile ya pochini, kumi na tatu. Ya kumi na nne ilikuwa kwa fundi pancha, ambaye alikuwa amekwisha kujifutia mikono, akamwachia huku akimshangaa. Ya kumi na tano ilikuwa mtaroni, imekanyagwa. Salima alishuka mtaroni. Mama lishe waliacha vijiko vyao wakamtazama mwanamke mwenye baibui zuri la kusafiria akitambaa kwenye majani, na mmoja akauliza kwa sauti kama ni pete iliyopotea.

"Ni zaidi ya pete," alijibu bila kuinuka.

Zilitimia kumi na tano. Alizipanga. Iliyokosekana ilikuwa ya mwisho, ukurasa wa 31 na jalada la nyuma. Mwisho wenyewe.

"Hiyo nilimuuzia mama mmoja," Bonaventura alisema, akikuna shingo. "Basi la Masasi, dirisha la pili. Lina saa nzima sasa."

"Namba ya konda wa basi hilo unayo?"

"Mama, ni kikaratasi."

"Namba unayo au huna?"

Hakuwa nayo. Salima alikuwa amekwisha kumwita bodaboda na kumwuliza Masasi atamfikisha saa ngapi, na bodaboda amekwisha kumwambia kwamba pikipiki yake haifiki Masasi, wala mgongo wake haufiki, pale pikipiki nyingine ilipotokea upande wa Mtama, imejaa vumbi. Akashuka mama wa miaka sitini hivi, rozari shingoni, kitambaa kichwani kimelegea kwa upepo. Mkononi alishika karatasi yenye mafuta ya karanga.

"Kijana," alimwambia Bonaventura kabla hata hajalipa nauli. "Karatasi hii ina wenzake. Wako wapi?"

Salima alizikumbatia karatasi zake kifuani.

Wanawake wale wawili walitazamana hata Bonaventura, kwa maelezo yake mwenyewe, akasogeza beseni pembeni.

"Shikamoo dada," Salima alianza, maana adabu ni adabu hata vitani.

"Marahaba mdogo wangu. Naona umeshanitangulia. Naitwa Dativa. Nimeshuka Mtama na mizigo yangu imeenda Masasi."

"Yangu imeenda Nangurukuru."

Kwa hilo wote wawili walikaribia kucheka, lakini hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza.

"Hili gazeti lilikuwa la mjomba wangu," Dativa alisema. "Mwalimu Klementi. Wino wake mwekundu nautambua. Nimekwenda Rutamba kumwekea msalaba kaburini, nakuta rafu tupu. Watoto wake wameuza kwa kilo. Sikupata hata daftari."

"Pole sana, dada. Mungu amrehemu. Lakini mimi nimenunua."

"Na mimi nimenunua." Akainua karatasi yake.

Bonaventura alisema kwamba Lindi mjini kuna duka la fotokopi. Walimgeukia kwa pamoja, akarudi kwenye karanga zake.

"Huu mwisho naujua," Dativa alisema. "Nilishausoma nikiwa msichana. Nikikwambia sasa hivi..."

"Usiniambie!" Salima aliziba masikio kwa mabega, kwa kuwa mikono ilikuwa na kazi. "Dada, nakuomba kwa jina la Mungu wako na wangu, usiniambie. Tusome kwanza. Tukimaliza, tugombane."

Dativa alimtazama vizuri, akaona hatanii. Walivuta kreti mbili nyuma ya kibanda cha fundi pancha, penye kivuli. Salima alianza kusoma kimya, akifuata kwa kidole.

"Na mimi je?" Dativa aliuliza. "Miwani yangu iko njiani kwenda Masasi."

Basi akasoma kwa sauti. Na Matege alipofungua mdomo wake mara ya kwanza, ilitoka sauti nene ya puani. Salima hakuipanga. Wala ile ya kukoroma ya taniboi. Alikuwa hajawahi kumsomea mtu Matege maishani mwake, si watoto wake, si wajukuu, na sauti zote zilikuwa zimekaa palepale baba alipoziacha. Alitaka kukasirika akashindwa, maana nyayo zilikuwa zinakaribia lori na ilibidi aendelee.

Zilikuwa nyayo za wezi. Matege akawadanganya kwamba amebeba dhahabu, lakini dhahabu haiibiki mpaka lori litoke topeni. Wezi wakasukuma. Walisukuma kurasa sita, wakapoteza viatu, wakapoteza panga, na lori lilipong'oka Matege akawapungia mkono kwa dirisha. Lilikuwa limebeba ngozi mbichi za mbuzi. Dativa alicheka hadi akajishika mbavu. Bonaventura alikuwa amesimama nyuma yao na basi la Newala likampita bila yeye kulifukuza.

Dativa alimkabidhi karatasi ya mwisho bila kuombwa. Ukurasa wa 31 ulikuwa na picha moja tu. Matege amefika kwake. Amekaa kizingitini, miguu imo ndani ya beseni la maji moto, mkewe amesimama na kata mkononi. "Umechelewa," mke anasema. "Nimechelewa," Matege anajibu. Chini yake: *Mwisho*.

Salima alisoma sauti ya mke, akasoma sauti ya mume.

"Alirudi," alisema.

"Si anarudi kila toleo?"

"Kila toleo, ndiyo." Machozi yalimtoka, na hakuyaficha, wala hakumweleza Dativa ni ya nini. Alikuwa na uchungu, uchungu wa mtoto wa miaka kumi na mmoja kabisa, na ndani yake kulikuwa na furaha pia, kwa sababu ameujua mwisho na ameununua mwenyewe, kama alivyosema.

Aligeuza karatasi ili aiweke na nyingine. Kwenye jalada la nyuma kulikuwa na majina kwa wino mwekundu, mwandiko wa mwalimu, mstari chini ya mstari: walioazima. Ignasi, amerudisha. Yassini, amerudisha. Moza, amerudisha, limechanika kidogo. Jina la mwisho kabisa lilikuwa Dativa, na mbele yake mwalimu aliandika: *msichana huyu asome kila kitu*.

Dativa hakuwa na miwani. Salima angeweza kunyamaza. Aliliwaza hilo, tusimpambe. Aliliwaza kwa muda wa kupita lori moja. Halafu akasoma mstari ule kwa sauti yake mwenyewe, mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza Dativa alisema, "Hebu rudia."

Alichomoa sindano na uzi wa jinzi kwenye pochi, vitu ambavyo fundi hasafiri bila kuwa navyo. Alizilinganisha karatasi kumi na sita, zenye chumvi, zenye grisi, zenye matope, akazishona mgongo kwa mishono midogo ya karibu karibu, akakata uzi kwa meno. Kisha akampa Dativa.

"Mdogo wangu, na wewe je? Naona nawe umelitafuta..."

"Miaka thelathini na sita. Lakini hili ni la mjomba wako." Alijipangusa uso. "Hawakuchapa moja. Nitapata jingine."

Dativa alimkumbatia, akalia yeye sasa. Wakapeana namba za simu.

Basi la Dar lilipopiga honi, Salima alipanda na karanga zake kwenye mtandio, nyingi za kutosha basi zima. Jioni ya kesho yake, akiwa amekwisha kuyachukua majora yake, aliingia chumba cha vitabu akayatoa matoleo yake ishirini na matatu na kuyapanga upya, akaacha nafasi ya kidole kimoja mwishoni. Miaka yote nafasi ile ilikuwa ya kitu ambacho baba yake hakumletea. Sasa ilikuwa ya kitu alichokitoa yeye, kwa mkono wake, na hakujuta. Kisha akaketi mkekani, akawaita wajukuu, akafungua toleo la kwanza na kusafisha koo kwa sauti nene ya puani.