Mke Aliyemo Ndani

Mama Pasi alikuwa akisema kwamba pua yake haijapata kudanganywa tangu azaliwe. Nguo ikipita mbele yake mara moja tu, angekwambia mwenye nguo alikula nini, alilala wapi na amemdanganya nani. "Ila mara moja," angeongeza, maana hakuwa mtu wa kujisifu mpaka mwisho, "niliunguza suruali ya bwana harusi nikadhani ni jirani anachoma takataka."

Alipiga pasi nguo za watu katika chumba cha mbele cha nyumba yake, meza ikiwa imesogezwa dirishani, ili mikono ifanye kazi ya watu na macho yafanye ya kwake. Mumewe aliitwa Mkate. Baba yake alikuwa mwokaji, babu yake mwokaji, naye alipakwa unga kabla ya kupakwa poda. Mama yake mzazi alimwita Mkate, mtaa mzima ulimwita Mkate, na siku ya ndoa, jina lake kamili liliposomwa, wageni waligeuka kumtafuta huyo mtu ni nani.

Sasa, shati la mwokaji lina habari zake. Unga huingia kwenye mishono, hunywa jasho, hugeuka gundi, na pasi ikipita hapo hutoa harufu ya mkate uliobebwa kwapani. Mama Pasi alikuwa ameisoma harufu hiyo miaka yote ya ndoa yake. Lakini siku hizi unga ulikaa kifuani tu, mkavu, mwepesi, kama wa mtoto aliyetoka kuogeshwa. Mishono ilikuwa safi. Na chini ya unga kulikuwa na harufu nyingine, ya dawa ya kusafishia sakafu. Akaenda jikoni, akafunua kopo lake la unga. Limeshuka, na hakuna aliyepika kitu cha unga.

Mama Pasi akachomoa pasi ukutani. Mwanamke. Tena si mwanamke hivi hivi, ni mwanamke anayepiga deki kila siku. Hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Wifi yake, dada mkubwa wa Mkate, alipokuja kuchukua mashuka yake, akapewa shati anuse.

"Mh," wifi akasema. "Hapa pana mtu."

"Nilijua!"

"Na ni msafi kukushinda, wifi yangu, tusifichane."

"Toka hapa! Wewe si dada yake? Ungemtetea."

"Ndiyo namtetea. Nataka afumaniwe sasa hivi, bado ana nguvu za kukimbia." Wifi akajikalisha juu ya fungu la nguo ambazo hazijapigwa pasi. "Hebu nijibu. Analala?"

"Kama gogo. Na akiamka amechoka kuliko alipolala."

"Anakula?"

"Anachokoachokoa tu."

"Anacheka?"

Mama Pasi alifungua mdomo kujibu, akagundua kwamba hakumbuki.

"Basi keshapenda, huyo," wifi akakata shauri. "Ndugu yangu namjua, ndivyo anavyopenda. Alipokutaka wewe alikonda mpaka mama akamnywesha dawa ya minyoo."

Jioni ile Mkate aliingia, akavua viatu, akaketi ukingoni mwa kiti kama mgeni ambaye hajaambiwa karibu.

"Kazini vipi?"

"Salama. Tanuri lilisumbua kidogo."

Aliyasema kama mtu anayesoma kibao cha dukani. Mama Pasi akamtazama, akamtazama tena, akaenda chumbani akatia pasi zake mbili kwenye mfuko. Kesho angemfuata. Akimkuta na mtu, haongei, halii, anaondoka. Kwa kaka yake kipo chumba, na nguo zilizokunjamana hazikosekani popote.

Asubuhi alijitanda mtandio aliouazima kwa wifi, ule mpana wenye harufu ya karafuu, akauzungusha hadi puani. Akavaa na miwani ya wifi juu yake. Barabara yote ikawa imeota ukungu, lakini mgongo wa mumewe aliufahamu hata ndani ya ukungu. Mkate alitembea upesi mpaka alipokaribia mahali pa kazi yake, pale moshi wa tanuri unapotokea dirishani. Hapo akavuka kwenda upande wa pili, akainamisha kichwa, akapita kama mtu anayepita karibu na mbwa mkali. Hakusimama.

"Haya," Mama Pasi akanong'ona ndani ya mtandio. "Tupeleke kwake."

Akampeleka zahanati.

Sakafu ilikuwa ndiyo kwanza imepigwa deki, na harufu ilipomfikia Mama Pasi ilibidi ashike ukuta. Ndiyo yenyewe. Mlangoni alisimama nesi, msichana mnene wa mashavu, meno yote nje.

"Mzee Pita! Leo tena?"

Kumbe wameshapeana na majina ya kubembelezana! Mama Pasi akamkagua yule nesi tangu viatu hadi kofia, akatafuta dosari, akaridhika kidogo alipoona sare yake imepigwa pasi vibaya kwenye kola.

Wagonjwa walikaa kwenye benchi refu, wakisogea kila mmoja alipoitwa. Mkate aliketi mwanzo kabisa wa benchi, karibu na mlango wa daktari. Nesi akaita. Mkate akamgeukia aliyefuata. "Pita wewe." Akaita tena. "Pita wewe, kaka." Benchi likasogea, Mama Pasi, aliyeketi mwisho, akasogea nalo, mpaka bega lake likagusana na la mumewe. Alibana pumzi. Lakini Mkate siku hizi hakuwa akimtazama mtu usoni. Angekaa na simba, angemwambia pita. Mzee mmoja mwenye mguu uliofungwa bendeji akaingia, mlango ukafungwa.

"Akitoka huyo utaingia wewe, mama," Mkate akaiambia sakafu. "Mimi sina haraka."

"Kwani wewe huumwi, baba?" Mama Pasi aliuliza kwa sauti ya puani, kama mwenye mafua.

"Mimi? Hapana. Nimemsindikiza mke wangu. Yumo ndani."

Mke wake! Yumo ndani! Kwa hiyo amekwisha oa kabisa! Mama Pasi akaukodolea macho mlango wa daktari, mkono wake wenyewe ukitafuta pasi ulizoziacha nyumbani.

"Masikini," akasema, akiomba kimoyomoyo uwe ugonjwa mbaya. "Anaumwa nini?"

Mkate naye akautazama ule mlango.

"Hata sijui niuiteje. Hana homa. Hakufiwa, hakufukuzwa kazi. Siku moja tu alifika kazini, akaitazama mikono yake, akaiona kama ya mtu mwingine. Akaiogopa. Akageuka, na tangu siku hiyo hajaingia tena."

"Uvivu huo."

"Naye hujiambia hivyo hivyo. Kutwa."

"Na wa nyumbani kwake wanasemaje?"

"Hawajui. Anawadanganya." Akajifuta viganja kwenye magoti. "Unajua, mama, tangu utoto watu wanamwita kwa kazi yake. Hakuna anayemjua kwa kingine. Sasa ile kazi ikimtoka, anabaki nani? Humo ndani wanaanza na hilo, jina lako nani, unafanya kazi gani. Anaogopa wakimwuliza atakosa jibu."

Mama Pasi akakaza macho nyuma ya miwani. Pana kitu hapa hakijakaa sawa.

"Si umesema yumo ndani? Ameshaulizwa, basi."

"Eeh," Mkate akasema polepole. "Ndiyo. Yumo."

"Na amejibu nini?"

Mkate alikuwa ameinama, viwiko magotini, na maneno yakawa yanamtoka yenyewe, kama maji ya bomba bovu.

"Mbaya zaidi ni asubuhi. Anasimama mbele ya kioo, povu linamkaukia kidevuni, wembe mkononi, hajui amnyoe nani. Na siku nyingine anautazama ule wembe, mama, kwa muda mrefu kuliko inavyofaa."

Matusi yote Mama Pasi aliyokuwa ameyapanga tangu jana, kwa mpangilio mzuri, yakampotea. Akavua miwani. Akashusha mtandio.

"Mkate," akasema kwa sauti yake mwenyewe. "Huyo mkeo ananyoa ndevu?"

Mkate akageuza kichwa. Akauona mtandio wa dada yake, akaiona miwani ya dada yake, na katikati akauona uso wa mkewe, umelowa. Mlango ukafunguliwa, mzee wa bendeji akatoka akichechemea, na nesi akachungulia.

"Anayefuata! Mzee Pita, leo unampisha nani?"

"Mimi..." Mkate alisema, na macho yake hayakutoka kwa mkewe. "Mimi nimemsindikiza mke wangu. Yumo ndani."

Mama Pasi alikuwa ameshamshika mkono wa shati, na Mkate hakuuchomoa.

Nesi akageuka kutazama chumbani, akawarudia.

"Humu hamna mtu, mzee wangu."