Dubu Wenye Mifuko

Bibi alikuwa ameshona suruali miaka thelathini na mbili. Ukimpelekea shati, linarudi na mfuko wa ziada. Ukimpelekea gauni, vilevile. Mtaani walimwita Mama Mifuko, naye hakununa. Basi alipoketi kushona dubu ishirini wa vitambaa kwa ajili ya wodi ya watoto, mikono ikafanya mambo yake. Alipokuja kushtuka, kila dubu alikuwa na mfuko tumboni, tena wenye kina cha mfuko wa suruali.

Kilichomkalisha kwenye cherehani wiki nzima ni mjukuu wake wa miaka minne, aliyelazwa kitanda cha saba. Dawa yake ilipitia kwenye dripu, na mtoto alishaing'oa mara tatu. Na akilia yeye, wodi nzima inalia. Sasa utampelekea dubu mmoja, wale kumi na tisa wakutazame tu? Ndiyo maana bibi alizunguka kwa mafundi wenzake akiomba vipande vya vitambaa.

Sista mkuu wa wodi aliwapokea dubu mlangoni. Hakuwa mtu wa kuchekacheka, lakini siku hiyo alimwinua mmoja, akautazama mfuko.

"Huyu naye anaenda kupokea mshahara?"

Wauguzi wakaangua kicheko. 

"Wataenda kwa dobi kwanza, wafuliwe kwa maji ya moto pamoja na mashuka," sista akasema. "Wa dukani tulioletewa mwezi jana walitoka matumbo nje, nikawatupa. Halafu mama, mjukuu wako amebakiwa na mshipa mmoja wa maana. Leo aking'oa tena, tutamfunga mkono kitandani. Sipendi, lakini dawa lazima iingie."

Bibi akageuka kukitazama kitanda cha saba. Mtoto wa miaka minne afungwe kama mbuzi!

Mchana dobi akarudi na kapu, dubu wakiwa wakavu na bado wana joto la mashine. Ishirini, na hakuna uzi uliolegea.

"Hawa wameshonwa na mtu," alisema, akimtazama bibi kwa heshima.

Wakagawiwa. Kitanda cha saba dripu ikatundikwa, na sista akasimama pembeni, bendeji ya kufungia mkononi. Mtoto aliitazama sindano. Midomo ikaanza kumtetemeka. Kisha akamtazama dubu, akauchukua mkono wenye sindano, akauingiza mfukoni taratibu mpaka kwenye kifundo.

"Kuna joto," akasema.

Mkono ukatulia humo. Saa moja ikapita, ya pili ikapita. Pua ilipomwasha, alijikuna kwa mkono mwingine. Bibi hakuthubutu hata kwenda msalani, macho kwenye chupa, hadi tone la mwisho liliposhuka. Hapo akalia, na wala hakujificha. Alipogeuka, aliona vitanda vingine vitatu vyenye dripu, na kila mkono uko mfukoni.

Sista akairudisha bendeji kabatini.

"Mama, wodi ya pili ina watoto thelathini."

"Niwashonee wenye mifuko, au bila?" bibi akauliza, sura kavu kabisa.

"Ukiniletea asiye na mfuko, namrudisha."

Mama Mifuko akabeba kapu lake tupu, akapita katikati ya korido kama mwenye hospitali.