Mfuko wa Kwanza

Jumatatu, saa moja kamili asubuhi, mkunga alibana kitovu cha mtoto, akakinga damu yake kwenye mfuko: mililita tisini na mbili. Mama, mfuaji wa mashuka wa hospitali hiyohiyo, hakuuliza kama ni wa kike au wa kiume.

"Imetosha?" aliuliza.

"Imetosha, dada. Na huyu ni wa kiume, kama unataka kujua."

Damu ilikusudiwa binti yake wa miaka saba, mgonjwa wa selimundu, aliyelazwa wodi ya juu. Daktari alikuwa amemweleza mama kwamba seli shina zilizomo zingeweza kumjengea binti uboho mpya. Vipimo vilivyofanywa wakati wa mimba vilionyesha zinalingana na zake. Zilipaswa kugandishwa ndani ya saa arobaini na nane. Mama alikuwa na miaka arobaini na tatu. Mimba hii ndiyo ilikuwa ya mwisho.

Tangi la kugandishia lilikuwa tayari, limezungushiwa utepe. Mgeni rasmi angelizindua Jumanne kwa kuingiza mfuko wa kwanza kwa mkono wake.

Jumanne hakutokea.

Jioni fundi wa maabara alimfuata mkurugenzi, mama akiwa nyuma na kichanga.

"Mkuu, tuuingize sasa. Kesho tutampa mheshimiwa mfuko wa maji."

"Nimdanganye mheshimiwa? Unataka nikalime?" Mkurugenzi akamgeukia mama. "Na wewe, miezi tisa umevumilia, siku moja tu inakushinda?"

"Nimesubiri miaka saba, mzee."

"Basi umeshazoea."

Jumatano saa moja asubuhi mfuko ulikuwa bado kwenye kisanduku cha baridi.

Mgeni rasmi aliwasili saa nane mchana. Alivishwa glavu, akakata utepe, akatumbukiza mfuko. Moshi mweupe ukapanda, makofi yakapigwa. Mama alisimamishwa pembeni yake.

"Mama, tabasamu kidogo," alisema mpiga picha. "Unatuharibia."

Msafara ulipoondoka, mama alimuuliza fundi, "Zitafaa?"

"Nyingi zimeshakufa, dada. Zilizobaki hazimtoshi."

Mkurugenzi aliingia, akafungua daftari la tangi mbele ya fundi.

"Mtoto alizaliwa lini?" aliuliza.

"Jumatatu," alisema mama. "Saa moja asubuhi."

"Andika jana," mkurugenzi alimwambia fundi.

Fundi alimtazama mama, kisha akaandika: Jumanne, saa moja asubuhi.