Vidonge vya Alfajiri

Tangu figo yake ya kushoto ihamie kwa binti yake Dusabe, Nikuze wa Nyaishozi alikuwa akiisikia. Akimenya ndizi mchana, mikono imejaa utomvu, aliisikia kwa mbali kama ndama aliyefungwa kwenye boma la watu.

Daktari alikuwa amemweleza kwamba mwili una mbwa wake, na figo ya kupewa ni mgeni. Vidonge ndivyo vinavyowatuliza. Vikipungua, mbwa wanamrarua mgeni. Vikizidi, wanalala wote na mwizi anaingia, yaani maradhi ya kila aina. Ndiyo maana damu ilipimwa kila mara na dozi ikapangwa kwa majibu yake. Siku ya kupima, alisisitiza, dozi ya asubuhi isimezwe mpaka damu itolewe, kwa sababu wanatafuta kilichobaki cha dozi ya jana jioni.

Nikuze aliyasikia yote. Lakini mama yake alimlea akijua kuwa dawa haimezwi safarini. Ukiimeza njiani, nguvu yake inabaki barabarani. Basi alfajiri ya siku ya kupima, kabla hawajaenda kupanda basi Omurushaka, alimpa Dusabe uji na vidonge vyake vitatu. Binti akamkumbusha habari ya damu. Mama akamwambia anywe, uji usipoe.

Hospitalini, muuguzi Adventina aliuliza kama dawa imemezwa. Nikuze akaona akisema kweli watarudishwa waje siku nyingine.

“Bado, sista.”

Dusabe akatazama viatu vyake.

Majibu yakaonyesha dawa nyingi mno kwenye damu. Daktari akapunguza, vidonge viwili asubuhi na viwili jioni. Nikuze akafurahi, akidhani dawa inapungua kwa kuwa mtoto anapona. Wenzangu mnaouguza, furaha ya namna hiyo iogopeni.

Wiki ya tatu miguu ya Dusabe ikavimba, mkojo ukawa kidogo.

“Labda viatu ndivyo vinavyosinyaa, mama,” alisema, akijaribu kucheka. “Si vya mtumba hivi?”

Mchana huo Nikuze alisinzia kando ya kahawa iliyoanikwa. Akajiona katika migomba isiyo na mwisho, jua utosini na ukungu magotini. Ndama alikuwa akilia. Kila alipokaribia, sauti ilihamia nyuma ya mgomba mwingine. Kulikuwa na mbwa wengi, hawabweki, wameketi wanamtazama kama watu wanaongoja kuambiwa neno. Akafumbua kiganja. Ndani yake mlikuwa na kidonge kimoja, cha joto, kimelowa uji.

Akaamka ameshika kovu lake.

Alitamani kukirudisha kile kidonge cha tatu yeye mwenyewe, mambo yaishie jikoni. Mkono ulishafika kwenye kopo la dawa. Akauondoa, akachukua simu.

“Sista, nilikudanganya,” alimwambia Adventina. “Siku ile mtoto alikuwa ameshameza.”

Upande wa pili zikasikika karatasi zikifunuliwa.

“Mama Dusabe, tulipunguza dawa kwa neno lako hilo moja. Usiongeze, usipunguze. Pandeni gari sasa hivi.”

Dusabe alilazwa jioni ileile. Kulipokucha Adventina akaja na sindano, akauliza lile swali la siku zote. Safari hii hakumtazama mama, alimtazama binti. Dusabe akafumbua kiganja. Vidonge vilikuwemo, vikavu.

Damu ikatolewa. Baadaye daktari alisema figo imejeruhiwa ila haijafa. Wangeipigania kwa dawa za mshipani, na dozi ingepangwa upya.

Ndipo Dusabe akameza, pale pale kitandani, mbali kabisa na nyumbani. Nikuze alimshikia kikombe cha maji kwa mikono miwili, akasikiliza. Ndama alikuwa bado analia, ila sasa Nikuze alijua sauti inatoka upande gani.