Kinyozi Aliyesinzia Kazini

Kinyozi alisinzia akiwa amesimama, mashine mkononi, na kichwa kilichokuwa mbele yake kilikuwa cha baba mkwe wake.

Haukuwa usingizi wa kukoroma. Macho yalijifumba kidogo tu, mkono ukateleza, na mashine ikachimba mfereji kutoka juu ya sikio la mzee hadi karibu na utosi. Alipozinduka, mzee alikuwa akimtazama kupitia kioo.

"Umemaliza?"

"Bado, baba. Nisamehe. Mkono umeteleza."

"Haujateleza. Umelala." Mzee akapapasa kile kipara kipya. "Haya, nyoa chote. Nitawaambia watu nimebadilisha mtindo."

Kinyozi akanyoa chote, uso umemshuka. Mzee hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Wakati wa kujifuta shingo, mzee akaitazama chupa ya soda iliyokaa kando ya spiriti, akazitazama na zile tupu chini ya benchi.

"Hicho ndicho chakula chako?"

"Inanishikilia, baba. Nasimama tangu asubuhi."

"Inakushikilia mpaka unalima vichwa vya wakwe."

Habari zilimtangulia nyumbani. Mke wake, fundi wa kushona sare za shule, alicheka mpaka akashika ubavu. Kisha akamwangalia vizuri: macho mekundu, mashavu yamebonyea, viatu hata hajavua.

"Kuanzia kesho unakula kabla ya kutoka," akasema. "Soda basi, unakunywa maji. Na hiyo simu unayolala nayo kifuani, itafute pa kulala sebuleni."

"Sawa, mama watoto."

Siku za kwanza zilimtesa. Kichwa kilimgonga kwa kukosa soda, na alikuwa mkali kwa wateja bila sababu. Kwa yale maji alienda chooni kutwa nzima, fundi viatu wa jirani akambatiza jina, Bomba. Mchana, badala ya kuinamia simu, alizunguka mtaa kunyoosha miguu. Miguu iliuma vilevile. Lakini taratibu jioni zikaacha kumwangukia kama gunia, na kichwa cha mwisho akawa anakimaliza mkono umetulia. Akaanza hata kuwahubiria wateja: kunyweni maji, laleni mapema. Wakamvumilia, maana wembe alikuwa nao yeye.

Asubuhi moja alitoka chumbani mwili mwepesi, akakuta mezani mkate, mayai ya kuchemsha, matunda yaliyokatwa na chupa yake ya maji imejaa. Mke wake alikuwa ameketi penye cherehani, paji la uso limelalia sare, mguu ungali juu ya pedali. Sindano ilikuwa imekaribia nywele zake.

Kinyozi akasogea haraka. Akamshika bega polepole, akamwinua.

"Umekula?" mke akauliza, macho hayajafunguka sawasawa.

"Wewe huwa unaamka saa ngapi?"

"Kabla yako. Ulidhani mayai yanajichemsha?"

Hakusema kwa ukali. Alisema tu, kama mtu asiye na nguvu za kugombana. Kinyozi akavuta kiti, akakaa. Muda wote huo alikuwa akiyasifu maji.

"Nenda kalale," akasema.

"Na watoto?"

"Nitawapeleka shule mimi. Wateja watasubiri, nywele hazikimbii."

"Utaunguza mayai kesho."

"Mayai ya kuchemsha hayaungui."

"Wewe? Utaweza."

Na kweli aliweza: maji yalikauka, sufuria ikawa nyeusi, nyumba ikanuka mpaka jioni. Mke alikuwa kitandani, macho wazi, akisikiliza vyombo vikianguka. Ilimchukua muda kujifunza kulala wakati mtu mwingine anahangaika. Duka la kunyolea likawa linafunguliwa kwa kuchelewa, na wateja wawili watatu wakahamia kwa kinyozi wa ng'ambo ya barabara. Uchovu ukamrudia kinyozi, ingawa si ule wa zamani. Mke naye akapunguza sare, uso ukaanza kunawiri tena.

Jioni moja walitoka wote wawili kutembea, kwa afya. Walifika konani tu, wakakaa kwenye ngazi za duka lililofungwa.

"Nikupe maji?" kinyozi akauliza.

"Ukinitajia maji tena nakuacha hapahapa."

Basi wakakaa bega kwa bega, wakitazama watu wanaotoka makazini, mpaka miguu ilipokubali kuwarudisha nyumbani.