Uzi wenye Mafundo Sita

Kidole gumba changu cha kushoto kilianza kucheza siku ya Jumanne, nikiwa nachagua mawe kwenye mchele wa Bi Salha. Kiliruka chenyewe, kikatulia, kikaruka tena, kama kuna mdudu chini ya ngozi anayetafuta pa kutokea. Nilikifunika kwa kanga. Sikumwambia mtu.

Tuko wanawake saba tunaopepeta mchele kwenye uwanja wa mashine ya kukoboa, hapa Lumemo. Wenzangu huongea kutwa. Mimi husikiliza.

Kule Mofu, kijijini kwetu, ugonjwa wa shangazi yangu Kristina ulianzia mkononi. Jembe lilimponyoka, tukacheka, naye akacheka. Miezi michache baadaye nyama ya mikono yake ilikuwa inachezacheza kama maji ya jaruba la mpunga yanapopigwa na upepo. Nilitolewa shule darasa la tano ili nimuuguze, kwa sababu mama alikuwa shambani na mimi ndiye mkubwa. Nilimlisha uji kwa kijiko mpaka uji ukawa unarudi puani. Hospitali walisema misuli yake inakufa na dawa hakuna. Majirani walisema amerogwa. Mimi nilimwangalia tu akipungua, miaka miwili.

Kwa hiyo kidole kilipocheza, nilijua.

Wiki iliyofuata kucheza kule kulikuwa kumefika kwenye kigimbi, kisha kwenye kope, kisha kwenye paja. Kila asubuhi nilijifungia bafuni, nikasimama kwa ncha za vidole vya miguu na kuhesabu mpaka hamsini. Nilimeza mate nikisikiliza kama yanapita. Kadiri nilivyomeza ndivyo koo lilivyokauka, nikajisemea: koo nalo limeanza.

Ndipo nikaokota kipande cha uzi wa kushonea viroba. Nikauzungusha kwenye mkono wa kushoto, juu ya kiwiko, nikafunga fundo mahali uzi ulipokutana. Baada ya siku tatu nikapima tena. Safari hii uzi ulikutana kabla ya kufika kwenye fundo. Mkono ulikuwa umepungua. Nikafunga fundo jingine, ndani ya lile la kwanza. Mwezi haujaisha, mafundo yakawa sita, yote yakisogea upande mmoja. Niliuficha uzi ule kwenye pindo la kanga kiunoni, na nikiwa kazini niliupapasa kila mara.

Ijumaa moja niliinama kuchota mchele, uzi ukadondoka ndani ya ungo wa mwenzangu Agnetha.

"Mama yangu! Mafundo!" Akautupa ungo, mchele ukamwagika kwenye turubai. "Nani kaleta mambo haya hapa?"

Wote wakasimama.

"Ndiyo maana wiki nzima mgongo unaniuma!"

"Umetoka kwa nani?"

"Si kwa huyu bubu? Nimeona mwenyewe. Wakimya ndio wenyewe hao!"

Kope langu likaanza kucheza mbele yao wote. Bi Salha, mwenye mchele, akaja kutoka kwenye mizani huku akijifunga ushungi vizuri.

"Oliva, huu uzi ni wako?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Wa nini? Sema, mwanangu. Ukinyamaza hapa, kesho hawa hawakai na wewe turubai moja."

"Napima mkono," nikasema.

"Hatusikii!" Agnetha akapiga kelele.

"Napima mkono! Unakwisha! Nakufa kama shangazi yangu!"

Sijawahi kuisikia sauti yangu ikiwa kubwa namna ile. Nikalia. Nikawaeleza yote, jembe, uji, bafuni, huku kamasi zinanitoka.

Agnetha alikuwa wa kwanza kuongea. "Kwa hiyo hujaniroga?"

"Sijakuroga, dada."

"Basi ungesema! Unataka kufa kimyakimya, sisi tukuokote kama kuku?" Akajifuta macho kwa mkono wenye pumba. "Kope langu mimi lilicheza mwezi mzima. Nikapika nikimngoja mgeni. Hakuja hata jirani."

Walicheka. Mimi sikuweza.

Bi Salha akauchukua uzi, akauzungusha mkononi mwangu bila kuubana. Ukakutana kwenye fundo la kwanza. Akanionyesha alama nyekundu kwenye ngozi. "Unaona? Umekuwa ukijikaba. Kila siku unavuta zaidi."

Niliona. Lakini moyoni nilisema ameulegeza ili kunifariji.

Jumatatu akanipeleka mwenyewe kwa daktari. Alikuwa kijana, na niliona aibu kumwonyesha paja. Kama kawaida, lilikuwa limetulia tuli. Akaniambia nimsukume, nimvute, nitembee kwa visigino. Akanigonga goti kwa kinyundo. Akaniambia nitoe ulimi, akautazama muda mrefu. Nikamchunguza usoni nikitafuta ile huruma niliyoiona kwa daktari wa shangazi.

"Kwenu kuna mwingine aliyeugua kama shangazi?"

"Hakuna."

"Unadondosha vitu?"

"Hapana."

"Unalala?"

"Silali."

Akaweka kinyundo chini. "Shangazi yako aliishiwa nguvu. Wewe umenisukuma mpaka kiti kimesogea. Msuli hucheza ukichoka, mtu asipolala, na zaidi akiwa na hofu na kuuangalia kutwa. Sioni dalili ya ugonjwa ule."

"Una hakika, daktari?"

"Kwa nilichokiona leo, ndiyo. Ukianza kukosa nguvu, rudi siku hiyohiyo. Kama si hivyo, tuonane baada ya miezi mitatu. Na katikati hapo usijipime."

Miezi mitatu. Nilitoka nikiwaza siku zote hizo za kutojua.

Hatujafika barabarani, paja likaanza. Likaruka mara tatu, mara nne. Nikasimama. Nilitaka kujiinua kwa ncha za vidole palepale, bajaji zikipita, nione kama mguu bado unanibeba.

"Nini?" Bi Salha akauliza.

Siku zote nilikuwa najibu "hakuna".

"Paja linacheza. Naogopa, Bi Salha."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi."

Hakuniambia litaacha. Akanishika mkono. "Tusimame mpaka litulie, au tutembee nalo?"

Nyama ilikuwa inaruka chini ya kanga.

"Tutembee nalo," nikasema, nikatanguliza mguu uleule.